Kuondoa breki za ABS kwenye gari: Mambo ya kujua kabla ya kushuka mteremko wa Tukuyu

BARABARA inayotoka Uyole, jijini Mbeya, hupanda milima ya Uporoto, kisha huteremka kupitia Isyonje, Kiwira na Tukuyu hadi Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ni barabara ya lami yenye kona na miteremko mirefu, inayotumiwa na malori ya mizigo iendayo Malawi, mabasi, Noah za abiria na magari yabebayo ndizi, viazi, chai na maziwa ya wakulima wa Wilaya ya Rungwe.

Mji wa Tukuyu, ambao ni makao makuu ya wilaya hiyo, uko miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa sehemu kubwa ya mwaka lami huwa imelowa, na njia za kwenda mashambani huwa na tope.

Katika mazingira hayo breki ni suala la uhai. Julai 2018, katika mteremko wa Igawilo kwenye barabara hiyo hiyo, lori liligonga magari ya abiria na watu wengi wakapoteza maisha.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani huwa na breki za ABS. Taa ya mfumo huo inapowaka kwenye dashibodi, baadhi ya wamiliki hushauriwa kuuondoa badala ya kuutengeneza, kwa maelezo kwamba gari litarudi kuwa na breki za kawaida kama magari ya zamani. Kwa magari mengi ya kisasa maelezo hayo si sahihi.

ABS ni nini

ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililojifunga huserereka badala ya kuzunguka, na likiserereka, usukani haufanyi kazi tena.

Kila gurudumu huwa na sensa inayosoma kasi yake. Kompyuta ndogo ikibaini kuwa gurudumu moja linakaribia kusimama ghafla, huamuru vali zilizo katika kifaa chenye pampu kupunguza msukumo wa mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo, kisha kuurudisha. Jambo hilo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, na ndiyo sababu pedali hutetemeka chini ya mguu. Mtetemo huo si ubovu.

Wazo hilo lilianzia kwenye ndege. Mfumo wa kielektroniki unaofanana na wa leo uliingia sokoni mwaka 1978, ulipotengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kufungwa kwenye magari ya Mercedes-Benz.

Kwa nini huondolewa

Sababu ya kwanza ni gharama. Kifaa chenye pampu na vali ni ghali, na mara nyingi hupatikana kikiwa kimetumika. Sababu ya pili ni usumbufu wa taa isiyozimika. Ya tatu ni imani kwamba ABS huchelewesha gari kusimama.

Imani hiyo ina ukweli wa sehemu. Kwenye changarawe au udongo laini, gurudumu lililojifunga hukusanya rundo la udongo mbele yake, na rundo hilo husaidia kulisimamisha gari. ABS huzuia rundo hilo lisijengeke, hivyo gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Hata hivyo, kwenye lami iliyolowa, ABS kwa kawaida hupunguza umbali wa kusimama, na muhimu zaidi, humwachia dereva uwezo wa kukwepa kilicho mbele yake.

Namna zinazotumika

Namna ya kwanza ni kung'oa balbu ya taa ya tahadhari. Hii haitengenezi wala haiondoi chochote. Humficha dereva ukweli tu.

Ya pili ni kuchomoa fyuzi. Katika magari mengi vali huachwa wazi, mafuta hupita, na breki hubaki zikifanya kazi bila ABS.

Ya tatu ni kung'oa kifaa chote na kuunganisha paipu moja kwa moja kutoka masta silinda hadi kwenye magurudumu. Hii ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Hatari iliyojificha

Gari linapofunga breki, uzito wake huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Kwa hiyo breki za nyuma zinapaswa kupata msukumo mdogo kuliko za mbele. Katika magari ya zamani kazi hiyo ilifanywa na vali maalumu ya kupunguza msukumo wa nyuma. Katika magari mengi ya kisasa vali hiyo haipo tena. Kazi yake hufanywa na kompyuta ya ABS kupitia vali zile zile za kifaa chake.

Maana yake ni kwamba kifaa kikiondolewa, hakuna kinachozizuia breki za nyuma. Magurudumu ya nyuma hutangulia kujifunga, na gari hugeuka likatazama lilikotoka. Kwenye uwanja mkavu wa gereji dereva anaweza asione tofauti yoyote. Ataiona siku atakapofunga breki ghafla akiteremka kona iliyolowa, gari likiwa tupu.

Ipo pia hatari ya kuunganisha paipu zote katika mkondo mmoja. Masta silinda huwa na mikondo miwili ili mmoja ukivuja, mwingine usimamishe gari. Fundi akiichanganya, tundu moja dogo huondoa breki zote.

Aidha, kuna magari ambayo mfumo huu haufai kuguswa kabisa. Katika magari ya Toyota yanayotumia petroli na umeme, kama Prius na Aqua, na katika baadhi ya Land Cruiser, kifaa kinachoendesha ABS ndicho pia kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki. Kukiondoa, au hata kuchomoa fyuzi yake, ni kubakiwa na pedali ngumu kama jiwe.

Jinsi ya kusoma taa

Taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, kwa kawaida breki za kawaida zipo, ila ABS haitafanya kazi. Taa hiyo ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, huenda mgawanyo wa msukumo kati ya mbele na nyuma umepotea, au mafuta ya breki yamepungua. Dereva asiteremke mlima kabla gari halijakaguliwa.

Kabla ya kuondoa

Mara nyingi kinachowasha taa ni kitu kidogo: sensa iliyojaa tope, waya uliokatika karibu na gurudumu, bering iliyolegea, betri dhaifu au tairi za ukubwa tofauti. Kusafisha sensa au kubadilisha moja ni kazi nafuu kuliko kufunga paipu upya. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari anaweza kuonyesha ni gurudumu lipi lenye tatizo. Atakayeanza kwa kung'oa kabla ya kupima anakisia.

Iwapo kifaa kimekufa na hakuna namna ya kupata kingine, kazi ifanyike kwa ukamilifu: vali ya kupunguza msukumo wa nyuma ifungwe, mikondo miwili ibaki miwili, paipu ziwe za breki na ncha zake zitengenezwe kwa kifaa chake bila kuunganishwa kwa kuchomelea, upepo utolewe wote, na gari lijaribiwe mahali tambarare, likiwa tupu na likiwa na mzigo. Mnunuzi wa baadaye na kampuni ya bima waelezwe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri, na breki ni sehemu ya kwanza ya hali hiyo.

ABS haimlindi dereva dhidi ya breki kupata moto kwenye mteremko mrefu. Mafuta ya breki hufyonza maji kadiri muda unavyopita, na joto la kuyachemsha hushuka. Kiwango cha chini kwa mafuta ya DOT 3 mapya ni nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji ni nyuzi 140. Yakichemka, pedali huzama hadi chini. Kwa hiyo, gari liwe na ABS au lisiwe nayo, anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela anapaswa kubadilisha mafuta kwa wakati na kuteremka kwa gia ndogo, akiacha injini ilizuie gari.