Asili ya Dhima katika Ukodi wa Vyombo vya Muziki
Kanuni inayoamua nani alipe spika au amplifaya ya kukodi inapoharibika ina umri mkubwa kuliko vyombo vyenyewe. Mwaka 1703, katika kesi ya Coggs dhidi ya Bernard iliyohusu brandi iliyomwagika wakati mapipa yakihamishwa, Jaji Mkuu John Holt wa Uingereza alifafanua mkataba wa amana, yaani mali ya mtu kukabidhiwa mwingine kwa kusudi maalumu na kwa sharti la kurudishwa. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika hadi ilipotungwa sheria ya nchi mwaka 1961, iliweka kipimo ambacho sheria hiyo mpya ilikirithi: mpokeaji aitunze mali kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza yake, na akifanya hivyo, hasara humwangukia mwenye vyombo, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Bima haikuifuta dhima ya mkodi asiyevitunza vyombo hivyo, kwa kuwa kampuni iliyokwisha kumlipa mwenye vyombo fidia huchukua nafasi yake na kuweza kumdai mkodi mzembe. Kwa hiyo haki ya pande zote mbili hulindwa vyema pale mapatano kuhusu bima yanapoandikwa kabla vyombo havijakabidhiwa.