Rasimu Hutangulia Mkutano: Vijana, Asasi za Kiraia na Sera za Usawa wa Kijinsia Zinavyoonekana Kutoka Kigali

Kuanzia tarehe 17 hadi 20 Julai 2023, Kigali ilikuwa mwenyeji wa Women Deliver, mmojawapo wa mikutano mikubwa zaidi duniani kuhusu usawa wa kijinsia, ambao kabla ya hapo haukuwahi kufanyika barani Afrika. Wajumbe zaidi ya 6,000 walikusanyika katika ukumbi wa Kigali Convention Centre, mtaani Kimihurura. Vijana walikuwa wengi, na afya ya uzazi ilichukua sehemu kubwa ya mazungumzo. Kimihurura hiyohiyo ndiko liliko jengo la Bunge la Rwanda. Miezi tisa kabla ya wageni kuwasili, Oktoba 2022, Baraza la Wabunge lilikuwa limeukataa mswada wa kuwaruhusu vijana kuanzia miaka 15 kupata huduma za uzazi wa mpango bila kibali cha mzazi. Zaidi ya nusu ya wabunge wa Baraza hilo walikuwa wanawake. Ruhusa hiyo ilipitishwa Agosti 2025, safari hii ikiwa kifungu ndani ya sheria pana ya huduma za afya iliyoletwa na serikali yenyewe.

Mtu anaweza kuuchukua mfululizo huu wa matukio kama ushahidi kwamba mkutano wa kimataifa ulilegeza msimamo wa wabunge. Sikubaliani na usomaji huo. Siku nne za hotuba hazibadilishi kifungu cha sheria, na tukiamini kwamba zinaweza, tutaendelea kutumia fedha za kuwaunga mkono vijana na asasi za kiraia mahali pasipostahili. Hoja yangu ni kwamba ushiriki wenye nguvu hutokea katika nyakati mbili ambazo kamera hazipo: miezi ya kuandaa rasimu kabla ya mkutano, na miaka ya kuidai serikali baada yake. Juma la mkutano lenyewe ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote, nalo ndilo linalofadhiliwa zaidi.

Tuanze na namna maandiko haya yanavyotungwa. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Hali ya Wanawake, iliyoundwa mwaka 1946, ina nchi wanachama 45 na hukutana New York kila Machi. Ibara ya 71 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana na asasi zisizo za kiserikali, na asasi zenye hadhi hiyo ya ushauri zinaweza kuhudhuria, kuwasilisha taarifa za maandishi na kuandaa mijadala ya pembeni. Haziketi, hata hivyo, katika vikao vya kujadili maneno ya maafikiano. Hayo ni mazungumzo ya wanadiplomasia, na huanza majuma kadhaa kabla ya ufunguzi. Mfano wa wazi ni Machi 2025, dunia ilipoadhimisha miaka 30 ya mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing. Azimio la kisiasa lilipitishwa tarehe 10 Machi, siku ya kwanza ya kikao. Kijana aliyeshuka kwenye ndege wikiendi iliyotangulia akiwa na mapendekezo mkobani alikuta kazi imekwisha. Tena azimio hilo halikutaja haki za afya ya uzazi na ujinsia, jambo ambalo asasi nyingi zilililalamikia, na malalamiko yao yalikuja wakati kalamu zimeshawekwa chini.

Wazee wetu katika harakati hizi walilijua hilo. Mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake ulipofanyika Nairobi, Julai 1985, wanawake wapatao 14,000 walijaa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kongamano la asasi, huku serikali zikiandika mikakati yao kwingine. Miaka kumi baadaye, kongamano la asasi lilipelekwa Huairou, mji ulio kiasi cha kilomita 50 kutoka Beijing. Umbali huo haukuwazuia Waafrika kuacha alama yao, kwa sababu alama hiyo ilikuwa imeshachorwa. Novemba 1994, wanawake wa bara hili walikutana Dakar na kuandaa jukwaa la Afrika, wakasisitiza kwamba mtoto wa kike awe eneo linalojitegemea. Gertrude Mongella wa Tanzania, aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing, aliongoza mkutano ambao hatimaye ulipitisha maeneo 12 ya kushughulikiwa, na la kumi na mbili ni mtoto wa kike. Dakar ndiko eneo hilo lilikopatikana.

Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake wa Afrika inatufundisha upande wa pili, yaani kazi ya baadaye. Umoja wa Afrika uliipitisha tarehe 11 Julai 2003, na ilihitaji nchi 15 ziiridhie ndipo ianze kutumika. Mikataba mingi ya bara letu hukwama hapo kwa miaka mingi. Mwaka 2004 asasi za wanawake ziliungana katika mtandao wa SOAWR. Ziliwagawia viongozi wa nchi kadi nyekundu, za manjano na za kijani kulingana na hatua waliyofikia, na zikakusanya sahihi za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu, wakati ambapo simu ya mkononi ilikuwa bado jambo geni kwa wengi. Itifaki ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2005, kasi ambayo haikuwa ya kawaida kwa chombo cha haki za binadamu Afrika.

Rwanda iliiridhia mwaka 2004, lakini ikaweka pingamizi juu ya ibara ya 14(2)(c), inayohusu utoaji mimba kwa njia za kitabibu pale mimba inapotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha maisha au afya ya mama. Hapa ndipo vijana wa Rwanda wanapoingia, na kisa chao kinastahili kusimuliwa kwa urefu, maana hakitajwi sana katika kumbi za mikutano. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Reproductive Health Matters, Chantal Umuhoza na wenzake wanaeleza jinsi vijana walivyofanya kampeni ya kubadili sheria ya adhabu. Hawakuanzia kwenye ukumbi. Walikusanya takwimu za madhara ya utoaji mimba usio salama. Waliandaa midahalo ambamo vijana wenyewe walilazimika kwanza kupima imani zao, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamelelewa makanisani na misikitini na hawakuwa na jibu moja. Walikwenda gerezani kuwahoji wasichana waliofungwa kwa kutoa mimba, wakazifikisha simulizi hizo kwenye vyombo vya habari na kwa watunga sheria. Sheria mpya ya adhabu ilianza kutumika Juni 2012 ikiwa na misamaha ambayo haikuwapo. Mwaka huohuo Rwanda iliondoa pingamizi lake kwa Itifaki ya Maputo. Sharti la kupata kwanza kibali cha mahakama lilibaki, likawa kizuizi kikubwa kwa msichana maskini, hadi sheria ya 2018 ilipoliondoa.

Ukiitazama njia nzima, kutoka Maputo 2003 hadi Kigali 2018, utaona kwamba andiko la kimataifa lilikuwa na kazi moja mahususi: kuwapa vijana hoja iliyotoka kwenye mkataba ambao serikali ilikuwa imeshautia sahihi. Nguvu ya kuisukuma hoja hiyo ilitoka gerezani, kwenye midahalo na kwenye kurasa za magazeti. Ndiyo maana naona haitoshi kuhesabu vijana wangapi walipewa beji.

Mtu anayeijua Rwanda atauliza: kwani viti havipo? Vipo. Katiba ya 2003 inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Katika Baraza la Wabunge lenye viti 80, viti 24 ni vya wanawake wanaochaguliwa na majopo maalumu ya wapigakura, viwili ni vya vijana na kimoja ni cha watu wenye ulemavu. Uchaguzi wa 2008 uliwapa wanawake viti 45, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na bunge la taifa lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Mwaka 2024 walipata 51. Mabaraza ya wanawake na ya vijana yana ngazi zake kuanzia vijijini. Ni mafanikio ambayo nchi za kanda hii, zikiwamo zile zinazotusema sana kuhusu demokrasia, bado hazijayafikia: Kenya iliandika katika Katiba ya 2010 kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, na Bunge lake halijaitimiza.

Hata hivyo, kiti na sauti ni mambo mawili. Mwanaanthropolojia Jennie Burnet alionya katika jarida la African Affairs mwaka 2008 kwamba idadi ya wanawake serikalini Rwanda iliongezeka wakati nafasi ya kuielekeza sera kinyume na matakwa ya dola ilikuwa inapungua. Onyo hilo bado lina uzito. Lakini sheria ya mwaka 1999 iliyompa binti haki ya kurithi ilipatikana kabla ya wingi huo bungeni, kwa ushirikiano wa wizara ya wanawake, wabunge wachache na asasi kama Haguruka na mwavuli wa Pro-Femmes Twese Hamwe. Na sheria ya ukatili wa kijinsia ya 2008 iliandaliwa na wabunge wanawake wenyewe baada ya kuwasikiliza wananchi mikoani. Katika visa vyote viwili, waliokuwa ndani walihitaji waliokuwa nje, na waliokuwa nje walikuwa na uhuru wa kutosha kuleta habari ambazo dola haikuwa nazo.

Uhuru huo ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 2016 Rwanda iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tanzania, ambako mahakama hiyo ina makao yake, ilifuata mwaka 2019. Kwa msichana wa Huye au wa Tabora, njia moja ya kulidai agizo la Itifaki ya Maputo ilifungwa. Serikali zinazosifiwa majukwaani kwa kuwashirikisha vijana zinapaswa kuulizwa, katika majukwaa hayohayo, kwa nini zilifunga mlango huo. Nakiri kwamba swali kama hilo ni rahisi kuliuliza Geneva kuliko Kimihurura. Hiyo pia ni sababu ya kuwaunga mkono wanaobaki nyumbani.

Tatizo la fedha na safari linajulikana, nami sitalikalia sana. Chini ya asilimia 1 ya misaada rasmi ya maendeleo huzifikia asasi za haki za wanawake. Kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025 kumepunguza hata kile kidogo kilichokuwa kikipita kwa njia nyingine. Kuhusu viza, Rwanda imefanya jambo la kuigwa: raia wa nchi za Afrika huingia bila viza. Linganisha na New York, ambako tangu Juni 2025 raia wa Burundi wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani, na Wasomali na Wasudani wamezuiwa karibu kabisa. Tume ya dunia ya wanawake inayokutana mahali ambapo wanawake wa Sudan, walio katika vita, hawawezi kufika, ina kasoro ya uhalali ambayo hotuba hazitaiondoa. Vikao vya maandalizi vya Afrika vingefanyika Kigali, Nairobi au Addis Ababa vikiwa na mamlaka ya kuandika, na si kutoa maoni tu, pengo hilo lingepungua.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kwa watu makini: vijana hawa wanamwakilisha nani? Anayezungumza Kiingereza fasaha, mwenye barua pepe inayojibiwa usiku, ndiye huitwa mara zote. Ni kweli. Lakini dawa yake si kuwaondoa vijana, ni kuwafunga kwenye jumuiya zinazoweza kuwauliza. Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili husikika kila siku, kuna kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake 18, kikifundisha kusoma, kuandika na kushona. Mjumbe wa vijana anayepaswa kwenda kusoma rasimu mahali kama hapo, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kisha kurudi kueleza ni aya gani iliyoingia na ipi iliyokataliwa na nani, ana uwakilishi unaopimika. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Hakuna sababu ya kiufundi ya rasimu za Afrika kutosomeka kwa lugha hiyo kabla hazijapitishwa.

Tanzania inatuonyesha pia jinsi kazi ya baadaye inavyoweza kuwa ndefu. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alishinda kesi Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia ushindi. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2018, Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu. Miaka ikapita bila Bunge kurekebisha vifungu hivyo. Tuzo ilitolewa New York kwa siku moja. Kuifuatilia hukumu Dodoma hudai mwanasheria anayelipwa mshahara kwa miaka, na wafadhili wachache hukubali kuandika mstari huo kwenye bajeti.

Hapo ndipo ningeomba fedha zielekezwe, nikianza na Rwanda ya sasa. Sheria ya Agosti 2025 imetambua haki ya kijana wa miaka 15 katika nchi inayoandikisha mimba za utotoni zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Haki hiyo itapita mikononi mwa muuguzi wa kituo cha afya ambaye pengine anasali kanisa moja na mama wa huyo msichana. Wabunge wawili wa vijana, mabaraza ya vijana ya wilaya na asasi za afya wanaweza kukubaliana sasa kutembelea vituo hivyo kila robo mwaka, kuandika kilichojiri, na kuyaweka matokeo katika ripoti mbadala kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Banjul na kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Kazi hiyo inahitaji nauli za basi za kwenda Nyagatare na Rusizi, mtu wa takwimu, na mhariri. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupeleka ujumbe mmoja New York, na rasimu ijayo ya kimataifa itakapoanza kuandikwa, Rwanda itakuwa na vijana wanaojua kituo kipi kilimrudisha msichana mlangoni na kwa sababu gani.