Masharti ya Dimoni

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliachia programu ndogo kwenye mtandao. Aliitoa kupitia kompyuta ya MIT ili asijulikane ilikotoka. Programu ile, iliyokuja kuitwa Mnyoo wa Morris, ilikuwa na njia kadhaa za kuingia kwenye kompyuta ya mtu. Njia mojawapo ilipitia kwa mtumishi mmoja mnyenyekevu aliyeitwa fingerd.

Kazi ya fingerd ilikuwa nyepesi. Ukimtajia jina la mtumiaji, anakujibu mtu huyo ni nani na kama yupo kwenye mashine. Kwa ajili ya swali hilo alikuwa ametenga nafasi ya baiti 512, wala hakupima urefu wa swali lenyewe. Mnyoo ulimtumia baiti 536. Zilizozidi zilimwagika katika sehemu ya kumbukumbu inayoiambia mashine ifanye nini baadaye, na kwenye kompyuta za aina ya VAX mtumishi akageuka, akamfungulia mgeni dirisha la amri. Mgeni akatuma programu ya mistari 99, akaiamuru mashine iliyovamiwa iitengeneze na kuiendesha. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa, katika mtandao uliokuwa na kompyuta zipatazo 60,000.

Kosa la kutopima urefu lilirekebishwa haraka. Lakini chini yake kulikuwa na swali jingine, zito zaidi. Programu ambayo kazi yake yote ni kujibu "fulani yupo" au "fulani hayupo", ilipata wapi uwezo wa kufungua dirisha la amri na kuendesha programu ngeni? Hakuna aliyeituma kufanya hivyo. Ila pia hakuna aliyeikataza.

Herufi "d" mwishoni mwa fingerd inasimama badala ya daemon, neno ambalo hapa nitaliandika dimoni. Wahandisi wa MIT walianza kulitumia miaka ya 1960 kwa programu zinazofanya kazi chinichini bila mtu kuziita: kupanga foleni, kutunza nakala, kusubiri mlangoni. Walilichukua kwa mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyemfikiria kiumbe mdogo asiyechoka, anayekaa mlangoni akizichambua molekuli moja moja. Msomaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo hamfikirii Maxwell. Anafikiria jini. Na pwani kila mtu anajua kwamba jini wa kufugwa haishi bila masharti: chakula chake, siku yake, mahali pake. Anayefuga bila masharti ndiye anayeishia kufugwa.

Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell chini ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulifuga madimoni wengi bila masharti. Kanuni yake ilikuwa hii: programu inarithi mamlaka yote ya mtumiaji anayeiendesha, na mwenye faili ndiye anayeamua nani alisome. Wataalamu huuita huu udhibiti wa hiari. Juu ya wote yupo mtumiaji mmoja, root, ambaye hakatazwi kitu. Sasa, ili programu isikilize kwenye mlango wa mtandao wenye namba chini ya 1024, ilibidi ianze na mamlaka ya root. Seva ya wavuti inatumia mlango wa 80, barua pepe mlango wa 25. Kwa hiyo watumishi walewale wanaoongea na wageni wa kila aina ndio waliozaliwa na funguo za nyumba nzima. Ni sawa na kumwita fundi bomba wa kuziba bomba la bafuni, ukamkabidhi na ufunguo wa kabati la hati za kiwanja.

Wapo waliokuwa wameliona hilo mapema. Mwaka 1972, James P. Anderson aliliandikia Jeshi la Anga la Marekani ripoti iliyopendekeza mlinzi mmoja ndani ya mfumo, mwenye sifa tatu: kila ombi lipite kwake, asiweze kuchezewa, na awe mdogo kiasi cha kuweza kukaguliwa mpaka mwisho. Mwaka uliofuata David Bell na Leonard LaPadula waliiandika sheria ya mlinzi huyo kwa hesabu: wa ngazi ya chini asisome siri za ngazi ya juu, na wa juu asiandike kwenye majalada ya chini. Mwaka 1983, kitabu cha viwango cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani, maarufu kwa jalada lake la rangi ya chungwa, kikaufanya udhibiti huo wa lazima kuwa sharti la mifumo ya madaraja ya juu. Lazima, maana hata mwenye faili hawezi kuupuuza.

Shida ni kwamba sheria ile ilikuwa ya kambini. Ilijua siri na siri kuu. Haikujua kazi. Seva ya wavuti si siri wala si wazi. Ni mtumishi mwenye kazi yake. Mwaka 1985 Earl Boebert na Richard Kain walipendekeza njia nyingine. Kila programu ipewe kikoa chake, kila faili ipewe aina yake, kisha iandikwe orodha ya kikoa gani kinaweza kufanya nini kwa aina gani. Kisichoandikwa hakiruhusiwi. Hapo swali lilihama. Badala ya "wewe ni nani?" likawa "umetumwa kufanya nini?"

Mawazo hayo yalikua kwa miaka kumi na mitano kupitia mifumo ya utafiti, ukiwamo Flask wa Chuo Kikuu cha Utah. Desemba 2000 yakatolewa hadharani kwa jina la SELinux, na msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote kuusoma. Waliotoa ni NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulee, na wengi walishtuka kupewa kufuli na watu ambao kazi yao ni kufungua kufuli za wengine. Historia inaongeza kejeli yake: Mnyoo ulipotoka mwaka 1988, baba yake yule kijana, Robert Morris mkubwa, alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha usalama wa kompyuta cha NSA hiyohiyo. Mtoto aliuonyesha ugonjwa. Miaka kumi na miwili baadaye nyumba ya baba ikatoa dawa. Kilichotuliza wasiwasi ni msimbo wenyewe. Ulisomwa, ukabishaniwa, na Linus Torvalds akataka kwanza uwepo mfumo wa jumla wa kupachika walinzi wa aina mbalimbali. Kerneli ya Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ikaja nao ndani.

Hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa ya wahandisi na kuwa ya sisi sote. Mei 2004, Fedora Core 2 ilikuja na sera kali iliyojaribu kumpa masharti kila mtu na kila kitu. Katika majaribio ilivuruga mambo mengi mno ya kawaida, hata ikabidi mfumo utolewe ukiwa umezimwa. Sheria iliyowabana wote haikumlinda yeyote. Miezi sita baadaye, Fedora Core 3 ilikuja na wazo la kiasi zaidi: waache watumiaji waishi kama walivyozoea, wabanwe madimoni wachache wanaosimama mlangoni, kama seva ya wavuti, seva ya majina na hifadhidata. Safari hii sheria ikabaki imewashwa.

Hata hivyo, mpaka leo ukitafuta mwongozo wa kusimika programu kwenye seva, mara nyingi utaambiwa kwanza uzime SELinux. Sielewi kirahisi kwa nini tunashangaa. Mtu anahamisha faili kutoka saraka yake ya nyumbani kwenda kwenye saraka ya tovuti, faili linabaki na lebo ya nyumbani, seva inakataliwa kulisoma, ukurasa haufunguki. Ruhusa zote za kawaida ziko sawa, na bado mlango umefungwa. Sheria usiyoelezwa ina sura ya uonevu.

Katika tasnifu yangu ninaandika sera ya huduma ndogo inayopokea vipimo vya mvua na kuvihifadhi. Kazi huanza kwa kuiweka huduma hiyo peke yake katika hali ya kuruhusu: mlinzi hazuii, anaandika tu kila ambacho angekizuia. Unaiacha ifanye kazi zake zote, kisha unalisoma daftari. Ilitaka kusoma faili lake la mipangilio. Hilo ni haki yake. Ilitaka kuandika kwenye saraka ya vipimo. Nalo ni haki. Ilitaka kuchungulia saraka ya nyumbani, kwa sababu Python ina desturi ya kutafuta vifurushi huko. Hilo linakataliwa kimyakimya, maana kazi inaendelea vizuri bila hilo.

Ipo zana iitwayo audit2allow inayoweza kuligeuza daftari lote kuwa ruhusa kwa amri moja. Ni zana nzuri ikiwa mikononi mwa anayesoma inachokipendekeza. Kwa asiyesoma, ni muhuri wa kupitisha kila ombi, na ikiwa mvamizi alikwisha kuingia wakati wa majaribio, maombi yake nayo yatapigwa muhuri. Kwa hiyo kuandika sera ni kusikiliza maombi ya mtumishi moja baada ya jingine na kuyatofautisha: anachokihitaji, alichokizoea, na asichopaswa hata kukiomba.

Aliyeisoma kazi hii mpaka hapa kwenye simu ya Android, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, ameshikilia matokeo yake. Android 4.3 ya mwaka 2013 ilikuja na SELinux katika hali ya kuruhusu; Android 5.0 ya mwaka 2014 ikaitekeleza kikamilifu. Mwaka 2015 yaligunduliwa makosa ya Stagefright: video iliyoundwa kwa hila iliweza kuteka dimoni aliyeshughulikia sauti, picha na kamera kwa pamoja. Makosa yalizibwa, lakini safari hii lile swali la fingerd nalo lilijibiwa. Katika Android 7.0, mwaka 2016, dimoni yule mmoja aligawanywa. Anayefungua mafaili ya video leo ana kikoa chake, na mwenye kamera ana chake. Wa kwanza akidanganywa, kamera si ya kwake kuigusa.

Makosa kama yale ya baiti 24 zilizozidi yataendelea kuandikwa, maana wanaoandika programu ni watu. Sharti la dimoni halimzuii kudanganywa. Linaamua tu, kabla ya siku hiyo kufika, atakuwa ameshika funguo ngapi.