Bati, Kopo na Pambo la Noeli Katika Buyenzi

Atakaye kuijua asili ya pambo la Noeli lifanywalo kwa kopo katika Bujumbura hana budi kuanza, si kanisani, bali Buyenzi, mtaa ambao wengi wa watu wake husali kwa kuelekea Makka na ambao njia zake zimepewa nambari badala ya majina. Maana pambo huzaliwa na mikono, na mikono iliyozoea bati katika mji ule, kwa dhana yangu, ilikwisha kuhitimu kazi yake siku nyingi kabla Noeli haijaiagiza nyota wala taa.

Asili ya mtaa wenyewe si fumbo. Wajerumani walipoweka boma lao Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, walifuatwa, na katika njia za biashara walikwisha kutanguliwa, na wachuuzi, wapagazi na askari waliotoka Ujiji, Tabora na Umanyema, watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na lugha ya Kiswahili na, aghalabu, na dini ya Kiislamu. Wabelgiji walioutwaa mji mwaka 1916 waliwatengea watu hao mahali pao, wakapaita Kijiji cha Waswahili, na hapo ndipo Buyenzi. Watu wasio na shamba la urithi milimani, ambako Mrundi wa kawaida alikuwa na migomba yake na ng'ombe wake, walilazimika kula kwa biashara au kwa ufundi, na sioni ajabu kwamba hata leo mwenye gari bovu, sufuria iliyotoboka au mlango wa chuma uliolegea huelekezwa huko.

Malighafi ya kwanza ya fundi bati ilikuja kwa reli na kwa meli. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Wabelgiji walipata kwa mapatano na Waingereza sehemu zao wenyewe katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila kusumbuliwa na forodha. Miongoni mwa bidhaa za zama hizo, katika Afrika ya Mashariki nzima, yalikuwamo mafuta ya taa, yaliyosafirishwa ndani ya madebe ya galani 4, mawili mawili katika sanduku la mbao. Mafuta yaliteketea katika utambi, ama debe likabaki, na kubaki kwake kulikuwa neema isiyokusudiwa na wale matajiri wa Marekani waliolijaza: lilichotewa maji, likapimiwa mahindi hata likawa kipimo kinachojulikana na kila mwenye duka, likakunjuliwa likaezekea kibanda, na vipande vyake vikafanywa koroboi, taa iliyokunywa mafuta yale yale ambayo debe lilikuwa limeyabeba.

Katika koroboi mna elimu yote ya kazi hii. Fundi hulipasua kopo kwa mkasi wa bati, akalinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha chuma cha reli au cha ekseli ya lori, akachora duara la kitako kwa ncha ya msumari, kisha akakunja pindo kwa pindo hata bati lishikane lenyewe kabla hajaleta lehemu, kwa kuwa lehemu isiyotanguliwa na pindo huachia upesi. Kikiisha chombo, hutiwa maji kwanza wala si mafuta, na panapotoa jasho huzibwa. Fundi huyo akitakiwa nyota ya Noeli, hana jipya la kujifunza: hukata ncha tano, akapiga mkunjo mmoja katikati ya kila ncha ili nyota iinuke mgongo na isilegee, akaitoboa kwa msumari kutoka upande wa nyuma ili kingo za matundu zitokeze mbele na kudaka mwanga. Upande wa ndani wa kopo la maziwa, ule mweupe uliogusana nayo, ndio huwekwa mbele. Jina la kiwanda na picha ya ng'ombe hugeuzwa ukutani.

Wala sikukuu zenyewe hazikuwa ngeni kwa watu wa Buyenzi. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, na ambaye kwa kuzaliwa alikuwa mtoto wa Umanyema aliyeletwa pwani katika utumwa, aliifanya Maulidi ya mji wake kuwa mashuhuri, na tarika yake ya Kadiria ilikuwa na wafuasi wengi bara hata Ujiji. Palipo na Maulidi pana bendera za karatasi, taa na mahali pa kupambwa. Noeli ilishika njia nyingine. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, watatu kati yao wakauawa mwaka 1881, na misheni za kudumu hazikusimama mpaka Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka uliofuata. Walichokuja nacho ni pango la Noeli, desturi inayonasibishwa na Mtakatifu Fransisko na usiku wa Greccio wa mwaka 1223, na pango halidai duka: udongo, nyasi na jani la mgomba vyatosha. Ni mti wa Kizungu na matufe yake ndiyo yaliyoleta haja ya vitu vya kumeta. Na hayo matufe, husimuliwa huko Lauscha katika Ujerumani, yalipulizwa kwanza na fundi wa kioo aliyekosa fedha za kununua matofaa na njugu za kutundika mtini. Iwapo hadithi hiyo ni kweli, basi fundi wa Buyenzi ana ndugu yake huko.

Kila zama ziliongeza takataka zake. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na kwa kuwa chupa hurudishwa kiwandani, kilichobaki kwa watoto ni vizibo, vinavyopondwa bapa na kutungwa katika waya. Buyenzi haivizalishi kwa wingi, lakini Bwiza, jirani mwenye mabaa, huviokota asubuhi kwa kiasi chochote. Mataifa jirani yalipoiwekea Burundi vikwazo vya biashara, toka Julai 1996 hata Januari 1999, bidhaa za ng'ambo zilipanda bei mno, na kufufua kilichochakaa kukawa ndiyo njia iliyobaki. Mwaka 2018 amri ya serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikitoa muhula wa miezi 18 kabla ya kuanza kutumika, na kwa hiyo maua ya mifuko ya rangi, ambayo mimi binafsi sikuyapenda kamwe, yalipoteza chimbuko lake.

Pigo kubwa zaidi kwa fundi bati halikutoka serikalini. Mafuta sasa huja katika dumu la plastiki, ambalo mjini huitwa bido, na soda huja katika kopo la alumini, jepesi, lenye kukatika hata kwa mkasi wa cherehani, ila halikubali lehemu ya kawaida. Nyota ya alumini kwa hiyo haiungwi kwa moto. Hutobolewa pembeni na kushonwa kwa waya mwembamba uliochunwa ndani ya tairi lililochomwa, na matairi hayana uhaba katika mtaa wa magereji.