Kutafuta Asili za Wazee Wetu

Katika mwaka wa jubilei ni desturi kufanya hesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, maaskofu waliotuongoza na mapadre waliotubatiza. Hesabu hizo ni njema, nazo zimeandikwa katika vitabu. Lakini iko hesabu nyingine isiyopata kuandikwa kwa ukamilifu, nayo ni ya watu waliolibeba Kanisa hili mabegani mwao: wapagazi waliochukua mizigo toka pwani, waashi waliochonga mawe, akina mama waliotwanga unga wa wageni, na wazee waliokubali kuwatoa watoto wao waende kusoma. Hao ndio babu na bibi zetu. Wengi wetu twayajua majina ya maaskofu wote kwa mfululizo, wala hatuwezi kumtaja mama wa bibi yetu.

Wazee wa pwani walisema, mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi kuwaonya vijana wanaodharau mila. Hapa kwetu Masasi yafaa kuitafakari zaidi, kwa sababu wengi wa Wakristo wa kwanza wa nchi hii walikuwa watu waliopata kuuzwa, na hawakuiacha asili yao kwa hiari. Walinyang'anywa. Kwa hiyo mjukuu anayetafuta habari zao anatafuta mali iliyoibiwa, na kazi yake ni kazi ya haki.

Na tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamishia Misioni yetu Unguja. Mwaka uo huo Sultani Majid alimkabidhi vijana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1879 alipewa ushemasi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misioni. Mwaka 1871 likanunuliwa shamba la Mbweni, ambako baadaye walikaa watu waliookolewa na manowari za Waingereza. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na mahali pale pakajengwa Kanisa Kuu.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja pamoja na kundi la watu waliowekwa huru, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi na kushika njia ya bara. Nia yake ilikuwa kuwafikisha katika nchi ya Wayao upande wa Nyasa, maana wengi wao walitwaliwa pande hizo. Na mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufika Mwembe kwa chifu Mataka. Lakini walipofika Masasi wakaona nchi njema chini ya majabali, yenye maji na udongo wa kulimika, basi wakakaa. Hivyo ndivyo mji wetu wa Kikristo ulivyoanza.

Watu hao walikuwa wamekaribia kwao, lakini si wengi walioweza kufika. Wengine walitwaliwa wakiwa watoto wadogo, wakapita mkononi mwa mtu huyu na yule mpaka Kilwa, na kutoka Kilwa wakavushwa bahari. Mtoto wa namna hiyo alikumbuka mto, au mlima, au sauti ya mama yake, lakini hakujua njia. Tena mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, waliushambulia mji wa Misioni, wakaua watu na kuchukua mateka. Walikuwamo waliokwisha kutoka utumwani mara moja, nao wakachukuliwa mara ya pili.

Hata majina yao yalibadilishwa. Watumwa wengi walipewa na mabwana zao majina ya pwani, kama Mabruki, Feruzi, Faraji na Baraka. Kisha wakabatizwa, wakapata majina ya watakatifu. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa na majina matatu: la mama yake, la bwana wake na la ubatizo. Majina mawili ya mwisho ndiyo yaliyoandikwa. Lile la kwanza lilibaki kinywani, na kinywa kilipofungwa likaenda kaburini.

Hata hivyo wazee wetu hawakunyamaza kabisa. Mwaka 1887 Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye habari zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe wa shule za Misioni huko Unguja. Walieleza nchi zao, namna walivyotwaliwa na njia walizopitishwa. Walikuwamo vijana wa makabila mbalimbali ya bara. Waliandika kwa Kiswahili, lakini kitabu kilichapishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wajukuu wao wengi hawakupata kukisoma. Mwaka 1919 kilichapishwa huko Zomba kitabu cha Padre Yohanna Abdallah wa Unangu juu ya Wayao. Yeye aliandika kwa Kiyao, lugha ya mama yake, akaeleza asili ya kabila katika kilima kiitwacho Yao, na safari za wafanyi biashara hadi pwani. Hakungoja mgeni aje kumwandikia habari za watu wake. Mfano wake watufaa sana.

Sasa na tuangalie jinsi ya kutafuta. Anza na nafsi yako, kisha wazazi wako, kisha wazazi wao, ukipanda ngazi moja moja pasipo kuruka. Mtu anayeanza na chifu mashuhuri na kumtafutia njia ya kushuka mpaka nyumbani kwake hajengi ukoo, anajenga fahari. Na kwa sisi watu wa kusini yafaa kukumbuka kwamba ukoo wetu wa kale hufuata upande wa mama. Mmakua huuliza nihimo, nayo ni ya mama. Myao hutaja mbumba, yaani akina dada na watoto wao walio chini ya kaka mkubwa. Karatasi za serikali na za shule huandika jina la baba. Kwa hiyo anayefuata karatasi peke yake huenda upande mmoja, na ule ambao wazee waliuhesabu kuwa ndio ukoo huuacha gizani.

Wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, lakini walijua mambo makubwa yaliyotokea. Usimwulize bibi ana miaka mingapi. Mwulize alikuwa wapi, au mama yake alikuwa mkubwa kiasi gani, jambo fulani lilipotokea. Habari za kale hupimwa kwa kuja kwa Magwangwara mwaka 1882 na kwa Majimaji ya mwaka 1905, Misioni ya Masasi ilipochomwa moto. Zilizofuata hupimwa kwa vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi, na kwa kazi ya karanga ya Nachingwea iliyoanza mwaka 1947. Za karibu zaidi hupimwa kwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini. Ukiambiwa kwamba mama wa bibi yako alikuwa na mtoto mgongoni alipokimbilia porini siku za Majimaji, umekwisha kupata karibu umri wake.

Kuhamia vijijini kuliacha mahame mengi. Huko mahameni yako makaburi ya wazee, nayo miembe iliyopandwa uani bado yaonyesha nyumba ilipokuwa. Enenda huko pamoja na mzee angali ana nguvu za kutembea. Mtu aliyeketi barazani husahau. Akiisimamia ardhi yenyewe hukumbuka nani alijenga wapi, na nani alizikwa karibu na nani.

Kisha viko vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Mwombe padre kwa adabu akusomee ukurasa unaohusu watu wako. Angalia jina la mtoto na la wazazi, na pia jina la msimamizi wa ubatizo. Kwa mtu aliyetoka utumwani bila ndugu, msimamizi aliweza kuwa badala ya ndugu, na huenda watoto wake wanajua habari ambazo kwenu zimepotea.

Usidharau neno dogo. Naijua nyumba moja inayosema Kimakua tangu zamani, lakini watoto wake humwita bibi yao agogo. Neno hilo si la Kimakua, wala si la Kiyao, maana Wayao husema ambuje. Ni neno la Kinyanja. Watu wa nyumba ile walikuwa wakilitumia kila siku pasipo kujiuliza limetoka wapi. Walipouliza, mzee mmoja jirani akawaambia kwamba bibi mkubwa wa nyumba alitoka upande wa Nyasa na kufika hapa akiwa mwanamwali. Alikuwa amekufa zamani, na neno lake liliendelea kumshuhudia. Vivyo hivyo chakula cha mwiko, wimbo wa kutwangia na habari ya nembo zilizokuwa usoni mwa mzee huweza kuonyesha njia. Lakini ushahidi mmoja hautoshi. Tafuta wa pili, na ukiona maneno ya wazee wawili hayapatani, andika yote mawili pamoja na majina ya waliosema.

Nimefika mahali pagumu. Wako watu wengi wasiotaka kuulizwa, kwa sababu ya aibu. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini neno lenyewe halikufa siku ile. Katika ugomvi wa shamba, au wa posa, hutokea mtu mzima akanyamazishwa kwa kuambiwa kwamba bibi yake alinunuliwa. Basi wazee wakaona heri kuficha, ili watoto wao wasipigwe kwa fimbo hiyo.

Iko na aibu ya upande wa pili, ambayo hufichwa zaidi. Miongoni mwa babu zetu walikuwamo waliopeleka pembe na watu Kilwa, wakarudi na nguo na baruti. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa huketi katika benchi moja kanisani na hupokea katika kikombe kimoja, na mara nyingi wameoana, hata mtoto mmoja ana damu ya pande zote mbili. Mtoto huyo atatukana upande gani? Akiijua habari yote, hawezi kumtukana jirani yake asijitukane mwenyewe. Asipoijua, fimbo itabaki mikononi mwa wenye ulimi mkali.

Wana wa Israeli waliagizwa kuwaambia watoto wao kwamba walikuwa watumwa Misri, na neno hilo halikuwashusha. Mathayo naye alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakumficha Rahabu. Basi aibu si ya aliyefungwa kamba shingoni. Na wewe unayeuliza, uliza kwa heshima. Mpe mzee shikamoo yake, kaa chini, mwambie kwa nini wataka kujua, na akikataa kusema leo, mwache. Usimlazimishe mbele ya watu, wala usiyachukue maneno yake kuwa mchezo wa barazani.

Kwenu ninyi walimu nina ombi. Mpeni kila mtoto kazi ya kuleta majina manne: mama wa mama, baba wa mama, mama wa baba, na baba wa baba, pamoja na mahali walipozaliwa, kama panajulikana. Ayaandike kwa mkono wake katika daftari, na chini yake aandike nani alimwambia na siku gani. Asiyepata jina asiaibishwe. Aache nafasi wazi, maana huenda akalipata baadaye. Mtoto asiye na wazazi aandike majina ya waliomlea. Daftari za shule zikijaa, zitunzwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo, mbali na mchwa na mvua.

Tena iko siku ambayo kazi hiyo itaonekana faida yake. Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, twawaombea marehemu wote, na majina yao husomwa kanisani. Aghalabu husomwa majina ya waliokufa juzi, ambao tungali twawalilia. Yafaa orodha hiyo irefuke: waingie na wale waliokuja kwa miguu kutoka Lindi mwaka 1876, na waliochukuliwa mwaka 1882 wasirudi, kila mmoja kwa jina aliloitwa na mama yake ikiwa laweza kupatikana. Wazee wanaoyajua majina hayo ni wachache, nao wanapungua kila masika. Jamaa zangu, nendeni mkawaulize.