Mutombo kabla ya kidole: fainali ya Georgetown na Syracuse ya Machi 1989

Dikembe Mutombo alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58, wengi walimkumbuka kwa kile kidole. Anazuia mpira, anamgeukia aliyeurusha, anatikisa kidole cha shahada: hapana, si hapa kwangu. Hata watoto wa Ndosho ambao hawakuzaliwa alipokuwa akicheza wanaiga kidole hicho wakirusha mpira kwenye pete iliyofungwa juu ya mti.

Lakini kabla ya kidole, kabla ya NBA na pesa zake, kuna Mutombo mwingine ambaye hazungumzwi sana. Ni mwanafunzi wa Zaire, mgeni wa lugha ya Kiingereza, ambaye Jumapili ya tarehe 12 Machi 1989 alikuwa katika timu ya chuo kikuu cha Georgetown ilipokutana na Syracuse, adui wake mkubwa, katika fainali ya Big East huko New York. Historia ya siku hiyo inawafaa wazazi waliokimbia vita na ambao leo wanahesabu franga wakiamua ni mtoto yupi ataendelea na shule.

Msikilizaji anaweza kuuliza: mchezo wa wanafunzi una uzito gani? Marekani, una uzito mkubwa. Vyuo vikuu vinaungana katika makundi yanayoitwa konferensi, vinachezeana msimu mzima, na mwishoni, mwezi wa tatu, vinakusanyika mahali pamoja kwa mashindano ya siku chache. Ukishindwa mara moja, unarudi nyumbani. Big East ilianzishwa mwaka 1979, na tangu 1983 mashindano yake yanachezwa Madison Square Garden, ukumbi unaojaza karibu watu elfu 20. Ushindani wa Georgetown na Syracuse ulikuwa kama wa DC Virunga na Dauphin Noir hapa Goma, au Mazembe na Lupopo kule Lubumbashi: timu inaweza kusamehewa kushindwa na wengine wote, si na yule.

Chuki hiyo ina tarehe yake ya kuzaliwa. Mwezi wa pili 1980, Syracuse ilikuwa inacheza mchezo wa mwisho katika ukumbi wake wa zamani, Manley Field House. Ilikuwa imeshinda pale michezo 57 mfululizo, na watu walikuja kuaga ukumbi kwa sherehe. Georgetown ikaanza vibaya, ikafuata polepole, na mwishoni Eric Floyd, aliyeitwa Sleepy, akarusha mipira ya adhabu iliyoleta ushindi wa 52 kwa 50. Kocha wa Georgetown, John Thompson, mtu mkubwa wa mwili mwenye taulo begani, akawatangazia waandishi wa habari kwamba sasa ukumbi huo umefungwa rasmi. Watu wa Syracuse hawakulisahau neno hilo. Wiki chache baadaye timu hizohizo zilikutana katika fainali ya kwanza kabisa ya Big East, na Georgetown ikashinda tena, 87 kwa 81.

Miaka iliyofuata iliongeza moto. Mwaka 1984 fainali yao ilikwenda hadi muda wa ziada, Georgetown ikashinda 82 kwa 71, na mkono wa mchezaji mmoja uliorushwa kama ngumi ulijadiliwa kuliko pointi zote. Syracuse ilikuwa imehamia Carrier Dome, jumba linaloweza kupokea watu zaidi ya elfu 30 kwa basketi. Rangi ya chuo ni ya chungwa, na siku moja mtu alirusha chungwa kutoka kwenye viti likagonga ubao wakati Patrick Ewing wa Georgetown alipokuwa kwenye mstari wa adhabu.

Ewing alirushiwa mabaya kuliko chungwa. Katika kumbi kadhaa za wapinzani, mashabiki walinyanyua mabango yanayosema hajui kusoma. Alikuwa kijana mweusi, mhamiaji kutoka Jamaika, mrefu kupita wote. Kwao hiyo ilitosha kuamua kwamba chuo kimemchukua kwa ajili ya mwili wake tu. Ewing alimaliza masomo na kupata shahada yake mwaka 1985. Kocha wake alikuwa amekwisha kuwa, mwaka mmoja kabla, kocha mweusi wa kwanza kushinda ubingwa wa vyuo vyote vya Marekani. Na katika ofisi yake Thompson aliweka mpira usio na upepo. Mchezaji akiingia, anauona, na anaelewa bila hotuba ndefu: siku mpira utakapoisha pumzi, utabaki na nini?

Ndipo anafika Mutombo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akasoma Boboto, shule ya Wajesuiti, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Mwaka 1987 alipata ufadhili wa masomo kutoka USAID, shirika la misaada la Marekani, akaenda Georgetown, chuo ambacho nacho ni cha Wajesuiti, mjini Washington. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi linasimuliwa kinyume: basketi haikumpeleka Marekani. Daftari ndilo lililompeleka. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2 na sentimita 18, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa kumwona akipita uani, na Thompson akamkaribisha katika timu. Mwaka wa kwanza hakucheza. Alikuwa na Kifaransa na lugha za nyumbani; Kiingereza ilibidi akianze karibu na mwanzo.

Alianza kucheza msimu wa 1988 hadi 1989, na hakuwa nyota. Nyota wa chini ya kikapu alikuwa Alonzo Mourning, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeongoza nchi nzima kwa kuzuia mipira. Mutombo alimpokea Mourning au alisimama karibu naye, kwa wastani wa pointi zisizofika nne kwa mchezo. Hata hivyo msimu huohuo, dhidi ya St. John's, alizuia mipira 12 katika mchezo mmoja. Wanafunzi wa Georgetown walikuwa na sehemu yao ya viti, nao walisherehekea kila mpira uliokataliwa na hao warefu wawili.

Katikati ya msimu huo kukatokea jambo kubwa kuliko kombe. Tarehe 14 Januari 1989, dakika chache kabla ya mchezo na Boston College, Thompson alitoka uwanjani, akawaacha wachezaji na wasaidizi wake, akaenda zake. Alikuwa anapinga sheria mpya ya chama cha michezo cha vyuo, iliyojulikana kama Proposition 42. Tangu miaka michache nyuma, kijana asiyefikia alama za mtihani zilizowekwa aliweza kupokelewa na kulipiwa masomo, ila hakuruhusiwa kucheza mwaka wa kwanza. Sheria mpya ilitaka kumnyima na ufadhili wenyewe. Thompson aliona waziwazi nani angeumia: watoto wa maskini, wengi wao weusi, waliotoka kwenye shule mbovu ambazo si wao waliozijenga. Hakuwa anadai alama za bure. Alidai kwamba mtoto aliyenyimwa shule nzuri mara ya kwanza asinyimwe mara ya pili kwa sababu ya kunyimwa kule kwa kwanza. Alikosa mchezo mwingine pia kabla ya kurudi kazini, na mwaka 1990 chama kililegeza sheria hiyo.

Mzazi aliyefika Ndosho kutoka Masisi au Rutshuru hahitaji kuelezewa hoja hiyo kwa kirefu. Mtoto aliyepoteza miezi ya masomo njiani anafanya mtihani uleule wa serikali na yule ambaye hakukimbia hata siku moja.

Basi timu iliyoingia Madison Square Garden mwezi wa tatu ilikuwa imepitia mengi. Upande wa pili kulikuwa na Syracuse ya kocha Jim Boeheim, na ilikuwa Syracuse nzuri kwelikweli: Sherman Douglas akiongoza mchezo, Derrick Coleman chini ya kikapu, Stephen Thompson mwenye kuruka, na Billy Owens wa mwaka wa kwanza. Coleman angekuwa chaguo la kwanza la NBA mwaka 1990. Georgetown ilikuwa na Mourning, Mutombo, Jaren Jackson, Mark Tillmon, na zaidi ya wote Charles Smith, mdogo wa umbo na mkubwa wa moyo, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho.

Kwa macho ya leo, pambano hilo lilikuwa la mitindo miwili ya kufikiri. Syracuse ilipenda kukimbia, mpira ukipaa kuelekea kwenye pete na mtu akiudaka hewani. Georgetown ilikaba uwanja mzima, ikakuchosha, na ukifanikiwa kupita wa mbele ukawakuta nyuma wale warefu wawili wakikungoja. Mchezaji anayejua kwamba nyuma kuna Mourning na Mutombo hukaba bila woga, maana kosa lake lina wa kulirekebisha. Hivyo hata siku ambazo Mutombo alicheza kidogo, uwepo wake ulibadilisha namna wengine walivyocheza.

Georgetown ilishinda 88 kwa 79. Charles Smith akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Kombe hilo halikuwapa amani ndefu. Siku tano tu baadaye, katika mashindano ya taifa, timu hiyohiyo karibu ing'olewe na Princeton, chuo kilichopangwa nafasi ya mwisho kabisa katika kundi lake. Wale vijana wa Princeton walikuwa mbele wakati wa mapumziko. Georgetown iliponea kwa pointi moja, 50 kwa 49, na mikono ya Mourning ndiyo iliyookoa dakika za mwisho. Watu walioangalia wanaukumbuka mchezo huo kuliko fainali ya New York, na pengine wana haki. Baadaye Duke ikaitoa Georgetown, Illinois ikaitoa Syracuse, wote hatua moja kabla ya nusu fainali.

Ushindani uliendelea. Tarehe 4 Machi 1990, mbele ya watu zaidi ya elfu 33 katika Carrier Dome, Thompson alifukuzwa uwanjani kwa kugombana na waamuzi, na Syracuse ikashinda katika muda wa ziada, 89 kwa 87. Mwaka uliofuata, siku NBA ilipochagua wachezaji wapya, Billy Owens wa Syracuse alikuwa wa tatu kuitwa. Wa nne alikuwa Mutombo, aliyekwenda Denver. Maadui wawili wamefuatana kwenye orodha moja.

Mutombo aliondoka Georgetown na shahada, katika isimu na diplomasia. Udaktari aliuacha. Wakati wa masomo alifanya mafunzo ya kazi katika Bunge la Marekani na katika Benki ya Dunia, mambo ambayo kijana aliyeletwa kwa ajili ya mpira peke yake hangeyafikia.

Mchezo wenyewe leo umebadilika. Mwaka 2013 Syracuse ilihama Big East kwenda konferensi nyingine, kwa kufuata pesa za televisheni ambazo zinatoka zaidi kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani kuliko kwenye basketi. Kabla ya kuondoka, walikutana mara ya mwisho katika nusu fainali ya Machi mwaka huo, Madison Square Garden, na Syracuse ikashinda katika muda wa ziada, 58 kwa 55. Vyuo hivyo vimekwisha kuchezeana tena tangu hapo, lakini si ndugu wa nyumba moja tena. Na njia ya vijana imebadilika pia. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa hapa Goma mwaka 2002, alikwenda Marekani akiwa bado mtoto, akaruka chuo kabisa, akacheza mwaka mmoja katika timu ya kulipwa ya maandalizi, na mwaka 2021 akachaguliwa wa saba na Golden State. Kwake ilifaulu, na Goma ina haki ya kujivunia. Ila kwa kila Kuminga kuna mamia ambao mpira wao uliisha pumzi mapema, wasiwe na daftari.

Mwaka 1997 mama yake Mutombo, Biamba Marie, alipatwa na kiharusi Kinshasa wakati nchi ilipokuwa katika vita. Barabara zilikuwa zimefungwa, na familia haikuweza kumfikisha hospitalini. Alifia nyumbani. Mwanawe akatumia mamilioni ya dola zake mwenyewe, akawaomba wengine, na mwaka 2007 hospitali yenye jina la mama huyo ikafunguliwa Masina, na bado inapokea wagonjwa.