Kutoka Mlima Hata Mlima: Habari za Simu ya Upepo ya Mbali

Mwaka wa Jubilei ukifika, watu huhesabu makanisa, shule na zahanati zilizojengwa. Lakini yako majengo mengine yafaayo kukumbukwa, nayo ni milingoti isimamayo juu ya vilima, iletayo mtandao wa intaneti katika vijiji visivyofikiwa na waya. Mlingoti ukichaguliwa vibaya, mgonjwa hukosa shauri la daktari aliye mbali, na fedha za kijiji hupotea. Basi yafaa tujue habari za kazi hii tangu mwanzo, ili wale watakaokabidhiwa fedha hizo wajue namna ya kuchagua.

Mababu zetu walipashana habari kwa ngoma na kwa moto uliowashwa mlimani. Waliuwasha juu kwa sababu jicho la mbali lazima liuone. Sheria hiyo ndiyo ya simu ya upepo hata leo. Mwezi wa Machi 1931 mafundi walipeleka maneno kati ya Calais, Ufaransa, na Dover, Uingereza, kuvuka bahari, kwa mawimbi ya sentimeta 18 hivi, yasiyotimiza hata shubiri moja. Walitumia sahani kubwa za chuma kuyakusanya mawimbi na kuyaelekeza mahali pamoja, kama kioo kielekezavyo mwanga wa taa. Mwezi wa Februari 1933 Guglielmo Marconi akamfungulia Papa Pius XI simu ya namna hiyo kati ya Vatikani na Castel Gandolfo, mwendo wa kilometa 20 hivi.

Mwaka 1947 Wamarekani waliunga Boston na New York kwa njia hiyo. Hawakujaribu kuruka mwendo wote kwa mara moja; waliweka vituo 7 vya katikati juu ya vilima, kila kimoja kikipokea na kupokeza, kama matarishi wa zamani walivyopokezana barua njiani.

Sababu yake ni mbili. Kwanza, dunia ni mviringo. Kati ya milingoti miwili iliyoachana kwa kilometa 30 katika uwanda tambarare, ardhi hujivimbisha katikati kadiri ya meta 13, hata tukihesabu kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo. Pili, wimbi halipiti katika mstari mwembamba kama uzi. Lahitaji nafasi pande zote. Kwa mawimbi ya gigahezi 5.8 katika mwendo huo, yapasa pabaki wazi meta 12 hivi chini ya mstari wa macho. Jumla ni meta 25, na bado hatujahesabu miti. Miti ikiwa na urefu wa meta 15, milingoti yahitaji meta 40. Kwa hiyo mtu aweza kuuona mlingoti wa pili kwa darubini, akadhani kazi imekwisha, kumbe njia imezibwa nusu. Tena mti hukua: njia iliyo wazi mwaka huu yaweza kuzibwa baada ya miaka mitano.

Zamani vyombo hivi vilikuwa vya serikali na kampuni kubwa tu. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu mawimbi fulani yatumiwe bila leseni, na mwaka 1997 ikatolewa kanuni ya vyombo viitwavyo Wi-Fi. Vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na ofisi, lakini bei yake ilikuwa ndogo, nao watu wa vijijini wakavitamani. Hapo palitokea kizuizi. Chombo cha Wi-Fi kikituma neno hungoja jibu; jibu likichelewa, hudhani limepotea, hutuma tena. Wimbi huenda kilometa 300 katika sehemu ya elfu ya sekunde. Ni upesi sana, lakini kwa chombo kilichozoea chumba kimoja ni ucheleweshaji. Mafundi wakabadili programu, chombo kikafundishwa kuvumilia. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake walifikisha kilometa 382 nchini Venezuela, toka Pico del Águila, palipo juu ya meta 4,000, hata mlima Platillón. Milima ndiyo iliyowapa ushindi huo. Mtu wa uwandani asijipime nao.

Nchini India, katika jimbo la Tamil Nadu, hospitali ya macho ya Aravind pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliunga vituo vya vijijini kwa Wi-Fi ya mbali, ili daktari amwone mgonjwa bila mgonjwa kusafiri. Katika kuutunza mtandao huo waliona kwamba umeme mbaya, upandao na kushuka ghafula, ulikuwa adui mkubwa wa vyombo. Tena kwamba kazi haidumu ila wenyeji wafundishwe kuitengeneza.

Huku kwetu Afrika Mashariki, kabla ya mikongo ya baharini kufika mwaka 2009, mtandao ulitegemea sana setilaiti zilizo juu kadiri ya kilometa 36,000, ghali na zenye kuchelewa. Siku hizi ziko setilaiti za chini, kama Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Hata hivyo mlingoti haujapoteza kazi yake, maana waweza kuleta fungu moja kubwa toka mji wenye mkongo na kuligawia kijiji kizima.

Basi mwenye kuchagua na aulize haya kwa utaratibu. Je, njia i wazi, pamoja na miti ya kesho? Je, mawimbi yasiyo na leseni hayajajaa watu mahali hapo? Yakijaa, kulipia mawimbi ya leseni ni afadhali kuliko kushindana na kelele kila siku. Je, mawimbi ni ya gigahezi zaidi ya 10? Hayo huchukua mengi, lakini mvua kubwa huyadhoofisha, basi yawekewe safari fupi. Je, umeme ni wa kuaminika, nani atapanda mlingoti ukiharibika, na kipuri kiko wapi?

Wahenga walisema, Rahisi huvunja upishi. Mlingoti mmoja wa kituo cha katikati, ingawa waongeza gharama leo, ni nafuu kuliko mruko mrefu ukatikao kila masika. Fedha za kijiji ni amana; nao walioshikishwa amana hiyo na waupande mlima kwanza, watazame kwa macho yao, ndipo wanunue.